Mbegu ya Mvua ya Saa Tisa

"Watu elfu kumi na moja wa Bonde la Lukwila wanalala usingizi mnono kwa sababu yangu," Bi. Mwanakombo Singano alipenda kuwaambia wageni waliotembelea Nyumba ya Majaribio. "Mkono huu mnaouona. Siku nikiutia mfukoni, mtavua perege sebuleni kwenu."

Na mgeni akishatoa macho, akishaanza kumwita mama mkubwa na kumtafutia kiti chenye mto, mwenyewe huyabomoa aliyoyajenga. "Kazi yenyewe ni kuchomoa vifungo vya koti kwenye kikapu. Hata kuku angeiweza. Ila kuku haweki saini ya mahudhurio, ndiyo maana wakaniajiri mimi."

Asubuhi ile alivua makubazi mlangoni, akamsalimia askari wa zamu, akaingia Chumba cha Mbegu na kujifungia kwa ndani. Chumba hakina dirisha. Kina meza, kiti, kibao cha tarakimu, skrini isiyozidi ukubwa wa sinia la chai, na kikapu cha ukindu chenye vifungo kumi vilivyoandikwa sifuri mpaka tisa. Kanuni imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa ambazo hata yeye, aliyeishia darasa la saba, huzisoma bila miwani: mchota mbegu awe mtu asiyesomea mashine. Achote peke yake. Atikise kikapu, achomoe kifungo, abonyeze tarakimu yake, akirudishe, mara sita. Daftari la mbegu, linaloandikwa na mashine yenyewe, lifungwe kwa muhuri, lisifunguliwe ila jaribio likianguka.

Kanuni hiyo ilizaliwa na aibu. Zamani mainjinia walikuwa wakijichagulia mbegu wenyewe, na ajabu yake kila mara walikuwa wakiangukia siku za jua tulivu. Programu yao ikafaulu kama mtoto wa mwalimu mkuu. Ikapelekwa kwenye bwawa la kweli, ikafungua mlango siyo, na mpunga wote wa Kwamdoe ukaenda na maji. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba anayetahiniwa asijitungie mtihani.

Programu ya sasa iliitwa Bawabu. Ndiyo itakayofungua na kufunga milango saba ya Bwawa la Lukwila bila binadamu kugusa chochote. Lakini milango ya maji haikabidhiwi mtu kwa kumtazama usoni tu. Kwa hiyo Bawabu hutiwa kwanza ndani ya mashine pepe, mashine isiyo na chuma wala waya, iliyokaa ndani ya mashine nyingine kama ndoto ndani ya kichwa. Humo huambiwa: hili ndilo bwawa, ule ndio mji, haya fanya kazi. Hajui kwamba yumo ndotoni. Kisha huletewa siku yenye mambo yake: mvua, mlango uliokwama, umeme uliokatika, mji mzima ulioamua kufua kwa wakati mmoja. Siku hiyo haipangwi na mtu. Hupangwa na kichanganyio, programu ndogo inayotema namba shaghalabaghala, na kila namba ni tukio. Ili kichanganyio kianze kutema, lazima kipewe namba ya kwanza. Hiyo ndiyo mbegu. Ukikipa mbegu ileile kitakutemea siku ileile, mpaka tone la mwisho la mvua.

Bi. Mwanakombo alikitikisa kikapu kwa kelele, ili askari wa nje asikie. Halafu akakiweka sakafuni bila kuchomoa hata kifungo kimoja, akabonyeza nne, sifuri, saba, moja, moja, tisa, akavuta kiti.

Mji ukajitokeza kwenye skrini. Ilikuwa Kwamsanja ya zamani, kabla bwawa halijaifunika, humo ndani imewekwa chini ya bwawa, mahali pa Mji Mpya walikohamishiwa watu. Wataalamu hawakutaka mji wa kubuni. Walitaka watu wanaotumia maji kama watu. Hivyo mwaka wa mwisho kabla ya kuhama walipita nyumba kwa nyumba na kamera na vinasa sauti, miezi sita, wakinasa nani anaoga saa ngapi, nani anamwagilia mchicha, nani anaacha bomba wazi akipiga soga. Kutokana na hayo wakaumba vivuli, kila mkazi na kivuli chake, chenye sura yake na sauti yake na tabia zake.

Nyumba namba mia na kumi na nne ilikuwa ya marehemu Mzee Mavoa na wake zake wawili. Mke mkubwa, Mwantumu, aliwakaribisha wataalamu kwa chai ya tangawizi, akaongea mpaka betri zao zikaisha wakaenda kuleta nyingine. Mke mdogo, Mwanakombo, aliwafukuza kwa ufagio wa chelewa. Ndiyo maana ndani ya mashine Mwantumu yupo, na mke mdogo ni chumba kitupu chenye jina mlangoni.

Siku nzima ya humo hupita kwa dakika kumi na mbili. Asubuhi aliiacha ikimbie. Ving'ora vya kiwanda cha mkonge vikalia na kunyamaza, nyuzi nyeupe zikaanikwa kwenye waya kama nywele za majini, watu wakamiminika sokoni na kurudi kama sisimizi waliomwagiwa sukari. Aliujua kila uchochoro. Pale kwenye kona palikuwa na mama muuza magimbi aliyekuwa akikufungia kwenye jani la mgomba hata ukinunua moja. Pale palikuwa na mashine ya kusaga, na harufu ya unga wa moto ambayo hakuna mtaalamu aliyeweza kuinasa. Mji Mpya una nyumba nzuri, kila nyumba na bafu lake la vigae, na jirani hujui kama yu hai mpaka usikie anapiga chafya.

Ilipokaribia saa tisa alasiri ya humo ndani, akashika kitasa cha mwendo, akakizungusha taratibu mpaka siku ikawa inatembea hatua za binadamu.

Jua kali, wingu hakuna. Kisha ikaja mvua ileile ya jua, matone manene yanayopiga bati kama watu wanaotupa kokoto. Mlango wa mia na kumi na nne ukafunguka, Mwantumu akatoka, kanga moja kifuani na nyingine kichwani, mnene, mweusi tii, mwepesi wa miguu kama mtu aliyesahau nusu ya uzito wake ndani. Akapanga ndoo chini ya ukingo wa bati: kubwa kwanza, kisha za kati, kisha sufuria, kisha, kwa kuwa alikuwa Mwantumu, na kikombe. Akainua uso akaicheka mvua kama mtu aliyemfumania mwizi mjinga.

"Na kikombe cha nini tena?" Bi. Mwanakombo akamuuliza, kama alivyomuuliza kila asubuhi. "Utawanywesha chawa?"

Bi. Mwanakombo alimlilia mumewe eda nzima, miezi minne na siku kumi, akammaliza. Mwantumu alikuwa na mwaka wa kumi na nne kaburini naye bado hajammaliza. Miaka thelathini na moja waligombana. Waligombana juu ya chumvi, juu ya kamba ya kuanikia, juu ya Mzee alale kwa nani, kila mmoja akimsukumia mwenziwe kwa sababu Mzee alikuwa akikoroma kama trekta. Na mwaka ule Mwanakombo alipoangushwa na malaria, Mwantumu alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akimtukana njia nzima kwamba ana mifupa kama ya ng'ombe.

Mbegu hii hakuitafuta. Miaka mitatu alichota kwa haki, na siku zilizotoka zilimtoa Mwantumu vibaya: kalala, kaenda sokoni, mlango umefungwa. Asubuhi moja, mwaka jana ukielekea kwisha, vifungo vikatoa nne, sifuri, saba, moja, moja, tisa, na Mwantumu akatoka kamili. Kesho yake Bi. Mwanakombo akachota kwa haki, akapata upepo mtupu. Kesho kutwa akajiambia: mara moja tu.

Leo ilikuwa mara ya mia mbili na kumi na mbili kwa mwaka huu.

Juu ya mlango ikawaka taa ya kijani. Bawabu amefaulu.

*

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa ule muhogo, umekonda kama penseli."

Zawena Kilua, injinia mkuu wa majaribio, mwandishi wa Bawabu mwenyewe, akakaa kwenye baraza la nyuma na kumega kipande. Alikuwa na miaka thelathini na minne na macho ya mtu anayehesabu hata akitafuna.

"Kesho Alhamisi kamati inakaa," alisema. "Tunachagua kichanganyio. Nataka Mkongwe astaafu."

Mkongwe lilikuwa jina la kichanganyio cha siku zote. Bi. Mwanakombo akaacha kutafuna.

"Kakukosea nini?"

"Ngoja nikuonyeshe anavyofanya kazi." Zawena akageuza karatasi iliyofungiwa muhogo, akatoa penseli. "Chukua kumi na nne. Zidisha kwa ishirini na moja, ongeza saba. Tupa yote ya mbele, bakiza tarakimu mbili za mwisho."

"Mia mbili tisini na nne. Na saba, mia tatu na moja. Nabaki na sifuri moja."

"Endelea na hiyo hiyo."

Bi. Mwanakombo alipenda hesabu kama wengine wanavyopenda ugoro. Akalamba ncha ya penseli, akaandika: 28. Halafu 95. Halafu 02, 49, 36, 63.

"Ndivyo Mkongwe anavyofanya," Zawena akasema, "ila kwa namba ndefu zaidi. Ukitazama hivi, unaona shaghalabaghala."

"Shaghalabaghala wapi? Tazama za mwisho. Nne, moja, nane, tano, mbili, tisa, sita, tatu. Kila moja imeongezewa saba. Inayokuja itaishia na sifuri." Akazidisha upesi. "Thelathini. Si nilisema? Halafu itakuja yenye saba, halafu turudi kwenye nne, kama punda wa kinu."

Zawena akamtazama, kisha akaangua kicheko. "Bibi! Hilo mimi nilifundishwa mwaka wa tatu wa chuo kikuu."

"Mimi nilifundishwa na Mwalimu Sekiete, kwa bakora."

Alijisikia mrefu kwa muda wa kumeza tonge moja. Ndipo akagundua kwamba amemchimbia kaburi Mkongwe kwa penseli yake mwenyewe.

"Sasa umeona," Zawena akasema. "Tunadhani tunamletea Bawabu mambo ya kila aina, kumbe kuna mambo yanafuatana kwa mwendo wa gwaride. Kuna kipya, kinaitwa Msukosuko. Kinachanganya hata kile kilichochanganywa jana. Wengine wanataka tusikilize mngurumo wa anga tu, tuchukue namba huko huko. Nimekataa. Anga halina mbegu. Jaribio likianguka huwezi kulirudia, na usichoweza kukirudia utakirekebishaje?"

"Na mbegu zetu za zamani?" Bi. Mwanakombo aliuliza huku akiokota makombo ya muhogo ambayo hayakuwepo. "Ukizipanda kwa Msukosuko?"

"Zitakubali. Ila kila moja itazaa siku nyingine kabisa. Mvua nyingine, watu wanafanya mengine."

"Zote?"

"Zote, Bibi. Kwani una unayoipenda?"

"Mimi? Mimi napenda muhogo."

Zawena hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa bwawa. "Jumatatu Bawabu anakabidhiwa milango ya kweli, kabla ya vuli. Majaribio mia mbili na kumi na mawili mwaka huu, hakuna hata moja lililoanguka. Mwenyekiti anatembea kifua mbele. Mimi niliyemwandika silali. Najijua, Bibi. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivyo."

"Jipongeze basi, mtoto wewe."

"Mama amepanda vitunguu vyake hatua arobaini chini ya mlango wa tatu. Nitajipongeza nikimwona anavivuna."

*

Kamati ilikuwa ya watu watatu: Mwenyekiti Shekiondo, Zawena, na mchota mbegu. Walikaa ukumbini Alhamisi asubuhi, mbele ya ukuta mkubwa wa skrini uliokuwa umezimwa.

"Mkongwe ametufikisha hapa," alisema Shekiondo, mzee wa suti ya kahawia aliyekuwa akizungumza na watu watatu kama anahutubia uwanja. "Leo tumbadilishe, tuanze majaribio upya, vuli itungoje? Kura yangu ni Mkongwe. Na Bi. Mwanakombo, najua hutamtupa rika lako."

"Mwenyekiti, rika langu ni wewe. Mkongwe akitupwa ataokotwa na jumba la makumbusho. Wewe ukitupwa sijui."

"Ulikataa kuniokota mwaka sabini na tatu."

"Ulikuwa unakula sana."

Zawena akagonga meza kwa kalamu. "Kura yangu ni Msukosuko. Tumefungana moja kwa moja. Tunakusubiri wewe, Bibi."

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Mkongwe. Silabi mbili na nusu, na kesho Mwantumu atatoka tena na kikombe chake. Shekiondo ataridhika, na yeye ataitwa mtu mwenye msimamo. Lakini Zawena alikuwa ameandika 28, 95, 02 pembeni ya karatasi yake bila kujijua, na alikuwa anazitazama kama mtu anayetazama ufa ukutani kwake.

"Mbegu ya leo sijaichota," Bi. Mwanakombo akasema. "Kazi kwanza. Nikitoka mtapata kura yenu."

*

Alijifungia. Akakaa na kikapu mapajani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alichotaka ni kujua. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Bawabu akifaulu siku nyingine yoyote, siku ngeni, isiyopendwa na mtu, basi Mkongwe hana kosa na yeye hana dhambi, atapiga kura kwa moyo mweupe. Akakitikisa kikapu, na mara hii akatia mkono. Vifungo vilikuwa vya baridi. Nane. Akakirudisha. Mbili. Mbili tena. Sita. Sifuri. Tano.

Siku ikaanza na giza. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha, na Mto Lukwila ulikuwa umefura, rangi ya chai ya maziwa. Ilipofika saa moja ya asubuhi ya humo ndani, mlango wa tatu ukakwama. Jambo dogo, tawi la mti limeingia kwenye reli. Bawabu hakuwahi kuona mlango wa tatu umekwama. Alikuwa amesomea swali moja mwaka mzima. Akaamuru mlango wa tatu ufunguke. Haukufunguka. Akaamuru tena. Akaamuru mara arobaini, kwa adabu ileile, huku maji yakipanda, kisha akafungua sita mingine yote kwa mpigo.

 Bi. Mwanakombo akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

Maji yalipita kwenye waya za mkonge, yakapita sokoni. Akakuta ameshashika kitasa na kupunguza mwendo, bila kukusudia. Nyumba ya mia na kumi na nne ilikuwa na maji mpaka dirishani. Mwantumu alikuwa amesimama juu ya stuli mlangoni, akipandisha ndoo juu ya bati moja baada ya nyingine, kama mtu anayeokoa watoto. Hakuwa anacheka. Bi. Mwanakombo hakupata kuiona sura ile isipokuwa siku moja, kwenye njia ya zahanati, alipofumbua macho ghafla juu ya mgongo uliomtukana na kuona shavu la mwenziwe limelowa.

"Ni kivuli," alijiambia. "Hafi. Alishakufa."

Kando ya kibao cha tarakimu kulikuwa na kitufe cha njano: BATILISHA. Kanuni inamruhusu mchota mbegu kubatilisha kama amekosea kubonyeza, ilimradi siku ya humo haijaisha. Kidole chake kilikuwa juu yake. Siku ilikuwa imebakiza dakika nne.

Akibonyeza, hakuna jaribio. Hakuna lililoanguka, muhuri haufunguliwi. Atatoka nje aseme Msukosuko, au aseme Mkongwe, hakuna atakayemuuliza. Angeweza hata kumnong'oneza Zawena: hebu mwangalie Bawabu mlango wa tatu, nimeota. Lakini mpaka Jumatatu zilikuwa siku nne, na nani anasimamisha bwawa kwa ndoto ya kikongwe wakati taa za kijani ni mia mbili na kumi na mbili? Kilichoweza kulisimamisha ni daftari tu. Humo mlikuwa na ukweli wote: kwamba taa zile zote ni taa moja.

Na asipobonyeza, watalifungua. Watajua. Mkongwe ataondoka leo hii, na mvua ile ya jua haitanyesha tena mahali popote duniani.

Dakika tatu. Mwantumu alipandisha sufuria. Kivuli, sawa. Lakini mama yake Zawena hakuwa kivuli. Alikuwa mwanamke anayeitwa Bi. Mwajuma mwenye sauti ya kukwaruza, na kila Ijumaa alikuwa akimletea vitunguu na kukataa kukaa.

Bi. Mwanakombo aliondoa kidole. Kwa kuwa hakukiamini, alikalia mikono yake yote miwili, kama walivyokuwa wakiamriwa darasani na Mwalimu Sekiete, akatazama mpaka mwisho.

Taa nyekundu ikawaka, na kengele ambayo mwaka mzima haikupata kulia ikalia jengo zima.

*

Zawena alikata muhuri wa daftari kwa mkasi. Shekiondo alisimama nyuma yake akiwa ameshika tai yake kama kamba ya kuokolea mtu. Karatasi za mwaka huu zilitoka kwenye mashine moja baada ya nyingine, na kila mstari ulikuwa na tarehe yake, na kila tarehe ilikuwa na mbegu yake.

 Zawena akasema, polepole sana, "Nne sifuri saba moja moja tisa. Bibi. Zote."

"Zote isipokuwa ya leo," Bi. Mwanakombo akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, makubazi yamepangwa vizuri chini. "Usimtafute mwingine. Ni mimi. Na kura yangu mwandike Msukosuko, na huyo Bawabu wako mrudishe shule, kichwa chake kigumu. Mlango wa tatu ukikwama anaubembeleza."

"Lahaula," Shekiondo akasema. "Mtu tuliyemwamini! Hata kumwambia fungua kiganja tuone tuliona ni utovu wa adabu!"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Mlikuwa na adabu nyingi mno. Ningependa kulalamika."

"Usinichekeshe, Bibi!" Zawena alipiga meza. Macho yalikuwa yamemjaa. "Jumatatu! Jumatatu tungempa milango! Mama yangu yuko chini ya ile milango, na wewe unakaa barazani na mimi tunakula muhogo, nakwambia silali, unaniambia nijipongeze!"

 Bi. Mwanakombo alitazama vidole vyake. Vilikuwa bado vina alama ya kiti.

"Nisamehe," alisema.

"Kwa nini lakini? Niambie kwa nini tu."

"Uvivu." Alikuwa amekwisha liandaa jibu hili njiani kutoka chumbani, na lilitoka laini, limenyooka. "Macho yangu mabovu, vifungo vidogo. Kutikisa, kuchomoa, kurudisha, mara sita. Nikaona nikariri moja, yaishe. Uzee huo, mjukuu wangu. Hamna kingine."

Shekiondo akakubali kwa kichwa. Uvivu alikuwa anaufahamu. Zawena hakukubali. Alikuwa ameinama juu ya karatasi, kidole kikishuka safu ya pembeni ambayo Bi. Mwanakombo hakuwahi kujua kwamba ipo.

"Mashine inaandika na kitasa," Zawena akasema. "Mwendo. Kila siku, ikifika saa tisa alasiri ya humo ndani, kuna mtu alipunguza mwendo kwa dakika sita. Mia mbili na kumi na mbili. Mvivu angeongeza mwendo, Bibi, awahi chai."

"Mkono unatetemeka. Hugusa gusa."

"Saa tisa kamili?"

"Unatetemeka kwa ratiba."

Zawena akaenda kwenye meza ya mitambo. Aliandika tarakimu sita kwa mkono mmoja, akaruka asubuhi yote, na ukuta mkubwa wa skrini ukawaka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kwamsanja ikasimama mbele yao kwa ukubwa wake, milango mirefu kama watu, bati lililopauka, jua juu ya kila kitu. Bi. Mwanakombo hakuwahi kuiona hivyo. Kwenye sinia lake la chai ilikuwa mji wa sisimizi. Hapa ungeweza kuingia.

Mvua ikaanza. Mlango wa mia na kumi na nne ukafunguka, na Mwantumu akatoka akiwa na urefu wake halisi, akapanga ndoo, akapanga sufuria, akaweka kikombe. Akainua uso akaicheka mvua, na kicheko kikajaa ukumbi mzima mpaka Shekiondo akatabasamu bila kupenda.

"Huyu mama ni nani?" Zawena akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Simjui."

"Humjui kabisa?"

"Mji ule ulikuwa na watu elfu tatu, mjukuu wangu. Ningewajua wote? Ni mama tu anakinga maji." Akaweka miguu kwenye makubazi, kama mtu anayetaka kuondoka. "Zima hiyo, inakula umeme."

Ukutani, Mwantumu alifuta uso kwa ncha ya kanga. Aligeuka akatazama mlango wa chumba cha mke mdogo, ule uliokuwa mtupu, akaweka mikono kiunoni.

"Mwanakombo!" aliita. "We Mwanakombo! Mvua hii yote umelala?"

"Abee, dada!" akaitika Bi. Mwanakombo, na tayari alikuwa amekwisha kusimama.